Barua ya wazi: paa la kanisa la kale lisiwe mzigo wa wastaafu peke yao

Kwa Makamishna wa Kanisa la Uingereza
Kwa mawaziri wa serikali ya Uingereza wenye dhamana ya fedha na ya urithi wa taifa
Nakala: maaskofu wa Kanisa Anglikana la Tanzania

Waheshimiwa,

Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia kuhusu mapaa. Najua barua za mapaa mnazipata kila siku, na nyingi zinatoka kwa watu ambao babu zao wamezikwa hatua chache kutoka mlango wa kanisa wanaloliombea. Mimi sina babu aliyezikwa Suffolk, kaunti hii ya mashariki mwa Uingereza. Nimezaliwa Ngara, nikabatizwa na kupata kipaimara katika Dayosisi ya Kagera, nikaja huku kufanya kazi ya kutunza wazee. Jumapili nasali katika kanisa la kijiji ambalo kuta zake zilikuwa zimeshasimama kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi. Niliingizwa kwenye halmashauri ya parishi kwa sababu, tuseme ukweli, hakuna mkono mwingine ulionyooshwa.

Naandika kwa Kiswahili, tena hadharani. Nakala ya Kiingereza mtaipata kwa posta. Ila kuna mabishano yanaendelea huku juu ya fedha za kanisa, watu wakilalamika kwamba zinapelekwa kwa Waafrika wakati makanisa ya huku yanavuja, na ndani yake Afrika inatajwa kila mara kana kwamba sisi hatusikii. Nataka ndugu zangu walioko Ngara, Dodoma na Mombasa, na wale waliotawanyika Leicester na Toronto, wajue kinachosemwa kwa jina letu, na wajue kwamba yupo mmoja wao aliyejibu.

Kanisa ninakosali sitalitaja. Wazee wangu wa parishi ni watu wa haya, hawapendi shida zao zianikwe. Nitasema habari za jirani yetu mkubwa, kanisa la Utatu Mtakatifu la Blythburgh, kwa kuwa mambo yake yanajulikana na yeyote anaweza kwenda kujionea.

Blythburgh ni kijiji cha watu mia chache kando ya barabara ya A12, karibu na Southwold. Mto Blyth hapo umetanuka kama ziwa. Maji ya bahari yanaujaza, kisha yanakupwa na kuacha matope matupu yenye ndege, na juu ya matope hayo linatokeza kanisa lenye urefu wa karibu mita 40. Wenyeji wanaliita kanisa kuu la mabwawani. Kanisa kuu halijawahi kuwa. Hakuna kiti cha askofu mle ndani. Ni kanisa la parishi tu, na bili zake zinakwenda kwa halmashauri ya parishi kama za kanisa dogo kuliko yote katika dayosisi.

Ukristo wa hapo ni wa zamani kuliko jengo. Mfalme Anna wa Anglia Mashariki (mwanamume huyo, jina lisiwachanganye) aliuawa vitani ng'ambo ya mto karibu mwaka 654, na mapokeo yanasema alizikwa Blythburgh. Katika karne ya 12 watawa wa Mtakatifu Augustino walikuwa na nyumba yao palepale. Jengo tunaloliona leo, ukiacha mnara ambao ni wa karne ya 14, ni kazi ya karne ya 15, enzi ambayo mto ulipitisha meli na kijiji kilikuwa bandari na soko. Watu waliacha fedha katika wosia wao, wengine nyingi, wengine kidogo, na mafundi wakainua kuta za jiwe la gumegume zenye madirisha 18 kila upande, juu karibu na paa, kiasi kwamba mwanga unaingia hata siku ya mawingu, ambazo huku ndizo siku nyingi. Kwenye boriti ya kati wakapachika malaika wa mbao, wawili wawili wakipeana mgongo, mabawa wameyatandaza. Rangi ya kale bado inaonekana: weupe uliofifia, maua mekundu na ya kijani, na herufi za jina la Yesu zikijirudia toka mwanzo wa paa mpaka mwisho.

Kisha neema ikahama. Mto ukajaa mchanga, meli zikawa kubwa kuliko mto, biashara ikaenda kwingine. Katika miaka ya 1530 Mfalme Henry wa Nane akazifunga nyumba za watawa, ile ya Blythburgh ikiwemo. Kijiji kikabaki na kanisa la ukubwa wa mji ambao haupo tena. Waheshimiwa, hapo ndipo tatizo lilipozaliwa, na kwa makanisa mengi ya Suffolk na Norfolk hadithi ni ileile: biashara ya sufu ilijenga, sufu ikaondoka, paa likabaki.

Na paa hilo limepitia mengi. Jumapili ya tarehe 4 Agosti 1577, watu wakiwa ibadani, dhoruba ya radi ilipiga mnara, kilele chake kikaporomoka ndani kupitia paa, akafa mwanamume mmoja na mvulana. Mlango wa kaskazini una alama ndefu nyeusi za kuungua, na hadithi ya Suffolk nzima ni kwamba ni makucha ya mbwa mweusi, Black Shuck, aliyeingia kanisani siku ile na kutokea mlangoni. Nimepitisha vidole vyangu kwenye alama zile. Wataalamu wana maelezo yao. Bibi yangu wa Ngara asingehitaji dakika mbili kuwaambia ni mchawi wa kijiji gani.

Aprili 1644, wakati wa vita kati ya Mfalme na Bunge, alikuja William Dowsing, aliyekuwa na kazi ya kuzunguka makanisa ya eneo hili akivunja sanamu na vioo vyenye picha za watakatifu. Daftari lake limesalia, na ndani yake ameandika kwamba makerubi 20 wa Blythburgh wateremshwe. Wengi wao hawakuteremshwa. Mimi hushuku ngazi haikufika. Kwa miaka mingi watu wakasimulia kwamba askari wake, waliposhindwa kuwafikia, waliwafyatulia bunduki, maana malaika wana matundu ya risasi kweli. Mafundi walipowakarabati katika miaka ya 1970 wakakuta chembe za risasi kwenye mbao, lakini hesabu za kanisa za karne ya 18 zinaonyesha fedha zilizolipwa kwa watu waliopiga kunguru waliokuwa wakitaga humo ndani. Basi malaika walipigwa na wazee wa kanisa wenyewe, kwa bahati mbaya, wakilinda paa. Katika hadithi zote za Blythburgh hii ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa sababu nawajua wazee wa kanisa.

Ingieni mkakae kwenye mabenchi. Kila benchi limechongwa mtu mdogo wa mbao pembeni, urefu wake kama kiganja na nusu, na baadhi yao ni dhambi. Uvivu yuko kitandani. Ulafi ameshika tumbo lililovimba. Uchongezi ametoa ulimi nje. Unafiki amekunja mikono kusali huku macho yako wazi, anaangalia nani anamwona. Na Uchoyo amekalia sanduku lake la fedha. Huyo nitamrudia.

Kuna jambo jingine la Blythburgh linalonigusa mimi binafsi. Mbele, karibu na madhabahu, yapo madawati ya zamani ambayo katika karne ya 17 watoto walikaa wakisoma, na mmoja wao, Dirck, mgeni aliyetoka ng'ambo ya bahari, akachonga jina lake kwenye mbao, na mwaka, 1665, na umri wake, miaka 12. Hakuna aliyemfuta. Leo jina lake linaonyeshwa kwa wageni kama hazina. Nikisikia watu wakisema makanisa haya ni ya Waingereza wa asili tu, namkumbuka yule mtoto na kisu chake.

Kufikia 1881 kanisa lilikuwa limechakaa hadi askofu akaamuru lifungwe. Inasimuliwa kwamba watu walikuwa wakisali wamefungua miavuli. Lilifunguliwa tena 1884, baada ya mabishano makali kati ya waliotaka lijengwe upya lipendeze na akina William Morris, msanii na mbunifu, ambao miaka michache nyuma walikuwa wameanzisha chama cha kulinda majengo ya kale na wakataka litengenezwe tu lisianguke. Wa Morris hawakushinda kila kitu, lakini walishinda vya kutosha, ndiyo maana rangi ya karne ya 15 bado iko darini. Agosti 1944 ndege ya kivita iliyojaa mabomu ililipuka angani juu ya eneo hilohilo, akafa Joseph Kennedy mdogo, kaka wa rais wa baadaye wa Marekani. Na Juni 1969, ukumbi wa tamasha la muziki la Aldeburgh ulipoungua moto usiku wa kwanza, opera iliyokuwa imepangwa ilihamishiwa Blythburgh, ikachezwa chini ya malaika. Tamasha bado linalitumia kanisa hilo.

Hivyo ndivyo vitu mlivyoviacha mikononi mwa halmashauri ya parishi. Sasa niwaeleze wasomaji wangu wa nyumbani jinsi mkono huo unavyofanya kazi, maana wengi wanadhani Kanisa la Uingereza ni tajiri, kwa hiyo kila kanisa lake ni tajiri.

Paa likivuja Blythburgh au kwetu, bili haiendi London. Haiendi kwa Mfalme, ingawa yeye ndiye Gavana Mkuu wa kanisa. Haiendi kwa askofu. Inakwenda kwa halmashauri ya waumini wa pale, wengi wao wastaafu, wanaokutana kwenye baridi na chupa ya chai. Kila baada ya miaka mitano msanifu majengo anakuja kukagua, anaandika ripoti nene, na ripoti ile inaorodhesha kinachohitaji kufanywa sasa, kinachoweza kungoja mwaka mmoja, na kinachoweza kungoja mitano. Kisha mnatafuta fedha. Kabla ya kugusa kitu chochote cha maana mnaomba kibali cha dayosisi, na kibali kina utaratibu wake wa kisheria, mahakama yake na jaji wake, kwa sababu jengo la daraja la kwanza, yaani la ngazi ya juu kabisa kwenye orodha ya urithi wa taifa, huwezi kulipiga nyundo kama banda la kuku. Hilo silipingi. Popo wakiwa darini, sheria inawalinda, na fundi anasubiri mpaka msimu wao wa kuzaa upite. Hilo pia silipingi, ingawa popo hao wananyea vitabu vya nyimbo. Usiku wezi wanakuja na lori kung'oa mabamba ya risasi (ile metali laini, si ya bunduki) juu ya paa, wanayauza kama vyuma chakavu, asubuhi mvua iko ndani. Mkishapata fundi mnagundua kwamba sehemu kubwa ya fedha inakwenda kwenye jukwaa la mafundi tu, mabomba na mbao za kusimamia, kabla hata jiwe moja halijaguswa.

Na juu ya hayo yote serikali inaongeza VAT, asilimia 20.

Waziri wa Fedha, naomba unisikilize hapa. Mjenzi anayejenga nyumba mpya ya kuuza kwenye shamba lililo jirani na kanisa letu halipishwi VAT kwenye kazi hiyo. Kiwango chake ni sifuri. Wajane wanaorekebisha paa la miaka 600 wanatozwa asilimia 20. Tangu 2001 kulikuwa na mpango wa ruzuku uliokuwa ukirudisha kodi hiyo kwa nyumba za ibada zilizoorodheshwa kama urithi, nao ulisaidia sana, mimi mwenyewe nimejaza fomu zake. Lakini ulikuwa ukiongezwa kwa vipindi vifupi, na mwaka 2025 mkauwekea ukomo wa pauni 25,000 kwa kila jengo kwa mwaka. Kwa mfereji wa maji uliopasuka, pauni 25,000 za kodi ni nyingi kupita kiasi. Kwa paa zima la kanisa la ukubwa wa Blythburgh ni kidogo mno. Na ubaya hasa uko kwenye kubahatisha: mradi wa paa unachukua miaka minne au mitano toka ripoti mpaka mafundi washuke, na nyinyi mnatuambia mambo mwaka kwa mwaka. Chochote mtakachoweka mahali pa mpango ule, kiwe cha kudumu, au afadhali ondoeni kodi yenyewe kwenye ukarabati wa majengo haya.

Mtasema makanisa ni ya waumini, waumini walipe. Ufaransa, nchi inayojivunia kutenga dini na serikali, makanisa ya parishi yaliyokuwepo kabla ya sheria ya 1905 ni mali ya manispaa. Huku Uingereza, ambako kanisa ndilo kanisa rasmi la taifa, mlinzi wa urithi wa taifa ni mama wa miaka 78 anayeuza keki. Karibu nusu ya majengo yote ya daraja la kwanza nchini ni makanisa. Kanisa la Uingereza lina majengo ya ibada yapatayo 16,000, na zaidi ya 12,000 kati yake yako kwenye orodha ya urithi. Zaidi ya nyumba za ibada 900 ziko kwenye rejista ya majengo yaliyo hatarini. Mlango wa kanisa la kijiji uko wazi mchana kutwa bure. Watalii wanaingia, wapanda baiskeli wanapumzika, wasioamini wanakuja kukaa kimya baada ya msiba. Hakuna anayewauliza imani yao. Taifa zima linatumia, wachache wanalipa.

Huku vijijini nimejifunza kwamba Waingereza wana uvumilivu wa ajabu. Kanisa likivuja hawapigi kelele, wanasogeza kiti. Lakini huko kusogea kuna mwisho wake, na siku hizi kuna makanisa ambayo watu wamesogea mpaka wako chini ya mnara. Nyumbani ibada ikiisha tunatoka nje kunada sadaka: kuku, mkungu wa ndizi, mayai. Mtu ananunua kuku kwa bei ya mbuzi kwa sababu mabati yanahitajika, na watu wanacheka. Nilijaribu kulieleza hilo kwenye halmashauri yetu. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakarudi kwenye bahati nasibu ya chupa za mvinyo.

Makamishna, sasa ni zamu yenu, na yule mtu wa mbao aliyekalia sanduku.

Sisemi ndiye nyinyi. Najua mfuko wenu, unaozidi pauni bilioni 10, hamuutumii kununulia magari. Unalipa pensheni za makasisi kwa huduma yao ya kabla ya 1998, unasaidia maaskofu na makanisa makuu, unatoa ruzuku kwa dayosisi. Mmetangaza pauni bilioni 1.6 kwa miaka ya 2026 hadi 2028, na kasisi kijijini ataona nafuu, nashukuru. Lakini mlikuwa nani kabla hamjawa nyinyi? Mlizaliwa 1948 kwa kuunganisha vyombo viwili, na kimoja kati ya hivyo ni Fadhila ya Malkia Anne, mfuko ulioanzishwa 1704 ili kuwainua makasisi maskini wa parishi. Maskini wa parishi ndio sababu ya kuwepo kwenu. Kuwaambia leo kwamba paa haliwahusu ni kusahau mlikotoka.

Ni mfuko huohuo wa Malkia Anne ambao uliweka fedha nyingi kwenye Kampuni ya South Sea, iliyosafirisha Waafrika kuvuka Atlantiki kama mizigo. Mliyachunguza wenyewe, mkayatangaza wenyewe, na Januari 2023 mkaahidi pauni milioni 100 kwa ajili ya kurekebisha madhara ya dhambi ile. Tangu siku hiyo nimesikia sentensi moja mpaka nimechoka, kwenye redio, magazetini, na mara moja kwenye foleni ya chai: "Fedha zinapelekwa kwa Waafrika wakati makanisa yetu yanavuja." Anayeisema kwa kawaida haniangalii.

Nawaomba muijibu sentensi hiyo hadharani, maana mmewaacha watu waamini kwamba mimi na mzee wangu wa kanisa tunagombea sahani moja. Pauni milioni 100 ni kama asilimia moja ya mfuko wenu. Mapaa yalikuwa yanavuja kabla ya 2023. Fedha zile hazikutolewa kwenye bakuli la Blythburgh, na mkizifuta kesho hakuna bamba hata moja la risasi litakalopanda juu ya paa, isipokuwa nyinyi mmeamua hivyo. Basi amueni yote mawili. Kama asilimia moja imewezekana kwa ajili ya deni la Waafrika, asilimia nyingine moja itengwe iwe mfuko wa kudumu wa mapaa ya makanisa ya kale, faida yake iende kila mwaka kwa parishi ndogo bila mashindano ya kuandika maombi marefu ambayo parishi zenye wanasheria ndizo zinazoshinda. Mkisema sheria inawafunga, sheria zenu hutungwa na Sinodi Kuu na kupitishwa Bungeni. Zimebadilishwa mara nyingi, zitabadilishwa tena.

Mwafrika anayesema haya si kituko. Mwaka 1863 mapadre wawili wa mabwawa ya Lincolnshire, kaunti ya pili kutoka hapa, walisafiri pamoja kuja kwetu: William Tozer, aliyekuwa kasisi wa Burgh-le-Marsh, sasa akiwa askofu, na jirani yake Edward Steere, kasisi wa Little Steeping. Soko la watumwa la Unguja lilipofungwa 1873, Steere alisimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini mahali palepale, na sehemu kubwa ya Maandiko tuliyorithi kwa Kiswahili ilianza mezani kwake. Biashara ya Mkunazini haikuwa ile ya South Sea, bahari tofauti na wafanyabiashara tofauti, na sipendi zikichanganywa. Ninachosema ni kwamba mambo kati ya makanisa haya ya vijijini na sisi yana umri wa zaidi ya miaka 160, na Dayosisi ya St Edmundsbury na Ipswich inayosimamia makanisa ya Suffolk ni rafiki wa Kagera hadi leo. Msituweke mezani kama kisingizio.

Ndugu wa nyumbani wataniuliza, na wengine wameshaniuliza kwenye simu: wewe unahangaika na malaika wa mbao wa Wazungu wakati watoto wa shule ya Jumapili kwetu wanakaa chini? Ndiyo, nahangaika. Hapa ndipo ninapoishi, na anayeishi nyumbani mwa watu hushika ufagio. Halafu, parishi inayokufa Suffolk haipeleki mgeni Kagera, haimsomeshi mwanafunzi wa theolojia, haimwombei mtu. Wale wazee kumi na kitu wanaoshika kanisa la kijiji ndio haohao wanaojua Ngara iko wapi kwenye ramani. Kanisa likifungwa wanatawanyika, na jengo, likibahatika, linakabidhiwa kwa shirika la kuhifadhi makanisa yasiyotumika, ambalo tangu 1969 limeshapokea zaidi ya 350. Wanafanya kazi safi. Lakini humo hakuna kitabu cha zamu ya kusoma somo la kwanza.

Baba Maaskofu wa Tanzania, kwenu nina ombi dogo. Wageni wa dayosisi rafiki wakija, huwa tunawaonyesha shida zetu: paa lisiloisha, choo cha shule, pikipiki ya mwinjilisti. Safari ijayo waulizeni na wao paa lao likoje. Watashtuka kidogo, watasema si kitu, watajaribu kubadilisha mazungumzo. Waulizeni tena. Na mkialikwa London kuzungumzia zile milioni 100, semeni wazi kwamba hamtaki zitumike kama fimbo ya kuwapigia watu wa vijijini.

Halmashauri yetu inakutana tena wiki mbili baada ya Pasaka. Jambo la kwanza kwenye ajenda ni kama tutie sahihi mkataba wa fundi wa paa kabla ya kujua kodi tutarudishiwa kiasi gani, au tuache msimu wa kiangazi upite na ndoo zibaki zilipo. Bei ya fundi ina mwisho wake, na mwisho huo ni mwezi wa Juni. Nimeahidi kuwasomea wenzangu jibu lolote nitakalopata kutoka kwenu, likiwa refu au fupi.

Wenu katika Bwana,

Mjumbe wa halmashauri ya parishi, Suffolk; mzaliwa wa Ngara